Lori Moja kwa Saa

Kazi ya Zenon Wasąg pale kwenye kizuizi cha barabara ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuifanya. Kila saa alinyanyua mkono mara moja, lori moja likapita kwenda mpakani, kisha akashusha mkono na wengine wote wakakaa. Basi. Nyuma yake malori yalikuwa yamejipanga hadi ng'ambo ya msitu, na ndani ya kila moja kuna mtu anachemsha chai kwenye jiko la gesi huku akimlaani Zenon kwa lugha ya kwao. Naye alijua anavyolaaniwa. Angekuwa na roho ngumu asingejali, lakini hakuwa nayo, na ndiyo maana kisa chake kinaniuma mpaka leo.

Msije mkamdhania jambazi. Zenon alikuwa mtoto wa mkulima wa viazisukari aliyeanza na lori moja bovu kutoka Ujerumani, akalitengeneza kwa mikono yake, akafika malori sita. Vita vilipoanza upande wa pili wa mpaka, Umoja wa Ulaya uliwafutia wasafirishaji wa kule masharti ya vibali, ili nchi yao isife njaa. Nani angekataa? Hakuna aliyekataa. Lakini kampuni za kule zikaanza kubeba kila mzigo, wa kwao na usio wa kwao, kwa nauli ambayo Zenon asingeweza hata kujazia dizeli. Kufikia vuli malori matatu yalikuwa yameuzwa, mawili yamelala uani, kuku wanataga chini yake. Walikwenda mji mkuu, Warszawa, na barua zao, wakapewa kahawa, wakarudishwa. Ndipo wenye malori wa wilaya ile walipokutana katika ukumbi wa zimamoto wa kijiji na kukubaliana kufunga barabara.

Na walivyoifunga, lo! Sheria iliwaruhusu kuandamana, haikuwaruhusu kuziba njia. Kwa hiyo walitembea. Walivaa vizibao vya manjano, wakashika bendera nyeupe na nyekundu, wakawa wanavuka barabara kwenye kivuko cha milia, wanakwenda, wanarudi, wanakwenda, kutwa kucha kama ngamia wa kinu. Polisi walisimama pembeni wakipuliza mikono yao kwa baridi. Mtu anayevuka kwenye kivuko utamkamata kwa kosa gani? Misaada ya jeshi ilipita bila kungoja, dawa zilipita, magari madogo yalipita, vifaranga vya kuku vilipita. Mengine yote, lori moja kwa saa.

Wenzake walimchagua Zenon asimamie zamu ya mchana kwa sababu moja tu: hakujua kupendelea. Mamake alimlea kwenye foleni za nyama za enzi zile za Wakomunisti, duka tupu na watu mia nje, na alimfundisha kwamba anayechomekea foleni anamwibia kila aliye nyuma yake. Watu wa umri wake wote wamelelewa hivyo. Mwambie kwamba wewe ni mlevi, atacheka. Mwambie umeruka foleni, hatakupa mkono tena.

Asubuhi hiyo ya Desemba theluji ilikuwa inaanguka kidogokidogo. Mkewe, Bożena, alifika na sufuria ya kabichi chachu iliyopikwa na soseji, kama alivyofanya kila siku. Lakini leo hakupakua. Alimvuta mumewe kando ya pipa la makaa.

"Baba Jagoda, Mykola kakupigia?"

"Hajanipigia. Kwani yuko wapi?"

"Yuko humu humu kwenye foleni yako, siku ya sita leo. Kakuonea haya, kanipigia mimi. Andriy yuko nyumbani."

Zenon aliuacha mdomo wazi. Andriy alikuwa mtoto wa pekee wa Mykola Hnatiuk, na Mykola ndiye aliyemshika Jagoda, binti yake Zenon, siku ya ubatizo, akawa baba yake wa ubatizo. Kabla ya hapo Mykola alikuwa dereva wake, miaka kumi na moja, mpaka nauli ziliposhuka na Zenon akashindwa kumlipa, naye akaenda kuajiriwa na kampuni ya kwao. Hawakugombana. Waligawana chupa, wakalia kidogo, wakaachana. Andriy mwenyewe alishinda likizo zake zote za utotoni katika ua wa Zenon. Zenon ndiye aliyempakata na kumfundisha kushika usukani wa lori, shambani, mguu haujafika kwenye breki. Sasa alikuwa askari mstari wa mbele, na babake hakuwa amemwona kwa mwaka na nusu.

"Kapewa ruhusa?"

"Kapewa siku moja na nusu. Kafika jana, kesho alfajiri gari la jeshi linamchukua. Mykola akivuka mchana huu, saa nne za njia, jioni anakula na mwanawe. Mpitishe, mume wangu."

"Aliache lori, avuke kwa miguu."

"Umerogwa? Lori si lake. Akiliacha peke yake barabarani anafukuzwa kazi, na akishakosa udereva hatoki tena nje ya nchi. Unajua sheria yao ya vita, mwanaume hatoki bila kazi kama hiyo."

Zenon alikuna shavu. "Yuko wa ngapi?"

"Wa ngapi, wa ngapi! Wewe na namba zako." Bożena alikasirika kweli, macho yalimjaa maji. "Huyu mtu alikusimamia mtoto kanisani."

"Nasikia, Bożena. Nasikia. Lakini siwezi kumtoa katikati ya foleni. Wengine nao wana watoto."

Radek Ćwik alikuwa karibu, akiota moto, masikio wazi. Huyu Radek alirithi malori kwa babake na hakuwahi kulala chini ya hata moja akiwa na spana mkononi, ila mdomo wake haukuwa na breki. Ndiye aliyewasemea wenzake kwenye televisheni.

"Mzee Zenon," alisema akitabasamu, "naona kuna mambo ya kifamilia. Shemeji kaleta chakula au kaleta maombi?"

"Kula unyamaze," Bożena alimjibu.

"Mimi nauliza tu. Wengine hapa tumeacha wake zetu, tunaganda. Tusije tukagundua kwamba mlango una ufunguo wa nyuma, na ufunguo uko kwa wenye undugu na wale."

Wanaume kama watano walicheka. Zenon hakucheka. Alijua maneno hayo hayakuanza leo. Vita vilipoanza alikwenda mpakani na lori tupu, akarudi limejaa wanawake na watoto, na mke wa Mykola, Lesia, alikaa nyumbani kwake miezi minane. Wakati ule kila mtu alimpiga mgongoni. Sasa lile lile jambo lilikuwa limegeuka doa, na Radek alilijua mahali lilipo.

Haikupita saa nzima, malori ya mbele yakaanza kuwasha injini. Zenon aligeuka kwa wasiwasi akidhani madereva wanataka kuvunja kizuizi. La hasha. Walikuwa wanajibana. Mmoja alisogea kulia mpaka magurudumu yakaingia mtaroni, mwingine akamfuata, na mwingine, foleni nzima ikajikunja upande mmoja. Kwenye nafasi iliyobaki lilikuja lori la bluu, polepole, na kila lilipopita dereva wa pembeni alipiga honi fupi. Walikuwa wamempisha. Watu waliokaa siku sita bila choo, waliokuwa wakimenyana kwa ajili ya maji ya moto, walikuwa wameambizana kwamba mwenzao ana mtoto nyumbani hadi alfajiri, na kila mmoja akampa zamu yake.

Lori la bluu lilisimama mbele ya kivuko. Mykola alishuka. Alikuwa mtu mnene mwenye masharubu meupe, na siku hizo sita zilikuwa zimemfanya mzee.

"Baba Jagoda," alisema.

"Baba Andriy."

Hawakukumbatiana. Macho ya watu yalikuwa mengi.

"Umeona mwenyewe, wamenipisha," Mykola alisema. "Sikumchomekea mtu. Waulize mmoja mmoja ukitaka."

"Nimeona."

"Basi nyanyua mkono niende. Kijana ananingoja. Mama yake kapika, na yeye kasema hali mpaka nifike. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la kwake linaunguruma." Alijaribu kucheka.

Zenon alitazama nyuma ya bega lake. Lori la saa ile lilikuwa limeondoka punde tu, moshi wake bado unaonekana. Radek alikuwa ameacha kutembea. Alisimama katikati ya kivuko na mikono kifuani, na wenzake wakasimama naye, wakamtazama Zenon kuona atafanya nini. Ilikuwa dhahiri. Ingetosha mkono mmoja, wa kulia, unyanyuke mpaka usawa wa sikio. Hata polisi wangegeuza uso.

"La saa hii limeshapita," Zenon alisema. "Wewe ndiye wa saa ijayo. Wa kwanza kabisa."

Mykola alitazama saa yake.

"Saa moja tu, ndugu yangu. Unayo mchana wote. Nikikupitisha sasa hivi juu ya yule aliyepita, watasema nimeuza kizuizi. Saa moja, unakunywa chai, unakwenda. Nani ataweza kusema neno?"

"Zenon."

"Nakuapia kwa Jagoda. Saa moja."

Mykola aliitikia kwa kichwa, kwa unyonge, kama mtu aliyezoea kuambiwa angoje na askari, na forodha, na kila mwenye kofia. "Sawa. Wewe ndiye unayejua mambo ya hapa," alisema, akapanda lori lake.

Zenon alijisikia vizuri, na hapo ndipo ninapotaka kumzaba kofi. Alijiona ametenda haki kwa wote. Hakuvunja utaratibu, na rafiki yake atapita. Alimpelekea hata kikombe cha chai yenye maji ya zambarau za msituni, akakaa naye dirishani wakizungumza habari za Andriy, kwamba ameota ndevu, kwamba anavuta sigara na mamake anajifanya hajui.

Saa haijatimia, magari meusi matatu yakaja kutoka upande wa Warszawa. Naibu waziri. Hakuna aliyemtarajia siku hiyo. Alishuka na koti refu na viatu vya mjini, watu wa kamera nyuma yake, na mbele ya kamera akasema amekuja kusikiliza. Radek alikimbia huku na huku kama mwenye harusi.

"Hakuna gurudumu linalozunguka akiwa hapa," aliamuru. "Aone barabara imekufa. Tukipitisha hata moja ataandika kwamba mambo yanakwenda."

Zenon alimshika mkono. "Lipo moja lililofika zamu. Nimetoa ahadi."

"Ulimwahidi nani?"

"Unamjua nani."

Radek alimsogelea mpaka pumzi yake ikamgusa. Hapakuwa na utani tena. "Mzee, kamera zile pale. Nenda ukawaambie kwamba tumekaa mwezi mzima kwenye baridi, naibu waziri kafika, na wewe unamfungulia ndugu yako wa mashariki. Nenda. Sikuzuii."

Angekwenda. Alikuwa na miguu miwili na ulimi. Alisimama pale pale.

Mazungumzo yalifanyika ndani ya hema, yakachukua mchana wote. Naibu waziri alisema mambo yako Brussels, kwa wakubwa wa Umoja wa Ulaya. Radek alisema wao hawakumchagua mtu wa Brussels. Naibu waziri alisema urafiki na jirani aliye vitani ni jambo takatifu. Mzee mmoja mwenye lori moja akauliza kama jambo takatifu linalipa rehani. Mnajua mazungumzo ya namna hiyo, kila mtu anasema kweli na hakuna kinachosogea. Nje, lori la bluu lilikuwa limewashwa injini. Zenon aliisikia wakati wote.

Giza lilipokaribia msichana mmoja msaidizi wa naibu waziri alitoka hemani na sahani ya kaki za Krismasi, zile nyembamba nyeupe kama hostia ya kanisani, zenye picha ya hori. Watu wa huko humegeana hizo kabla ya mlo wa mkesha. Unammegea mwenzako, anakumegea, unamtakia heri, na kama mlikosana mnasameheana papo hapo. Mkesha wenyewe ulikuwa bado wiki mbili, lakini naibu waziri asingekuwepo siku hiyo.

"Tunahitaji dereva mmoja wa kule," alisema msichana. "Picha ya Mpoland na jirani. Nani anajua yeyote anayesikia lugha yetu?"

"Huyo wa lori la bluu," alisema Radek, "na mzee Zenon. Hao wanajuana."

Walimshusha Mykola. Walimsimamisha mkabala na Zenon, mbele ya pipa la moto ili sura zionekane, wakawapa kila mmoja kaki yake. Naibu waziri alisimama katikati, mikono juu ya mabega yao. Mwenye kamera akasema wasogeleane.

Zenon alimega kipande kidogo kutoka kwa Mykola. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi na nusu ya kipande ilianguka kwenye theluji. Mykola alimega kwake vizuri, akakiweka mdomoni. Alikuwa ameshamegeana na mtu huyu kila mwaka tangu Jagoda alipobatizwa, mezani kwake, na alijua kwamba baada ya kumega ni lazima mtu aseme neno.

"Nakutakia, Baba Jagoda," alisema taratibu, "kwamba mwanao akija nyumbani, akukute."

Hakulisema kwa hasira. Ingekuwa afadhali. Zenon alipaswa kumjibu, kila mtu anajibu, hata mtoto wa miaka mitatu anajua kusema afya na furaha. Kamera ikabonyezwa. "Safi sana," alisema msichana.

Magari meusi yalipoondoka Radek alitangaza kwamba kamati ya wenye malori imekubaliana: kizuizi kamili mpaka Warszawa ijibu kesho asubuhi, hata lori moja lisipite, ila la jeshi. Zenon alisema, "Mmoja tu, Radek, kwa jina la Mungu." Radek akasema, "Leo mmoja, kesho kumi," akavaa kizibao cha msimamizi, kwa maana zamu ya jioni ilikuwa yake. Na Zenon? Alipaswa kwenda kwenye dirisha la lori la bluu na kusema kwa kinywa chake. Hakwenda. Alivuka barabara mahali penye giza, akapita nyuma ya magari ya polisi mpaka kwenye gari lake dogo, akaenda nyumbani akalala kando ya mke aliyempa mgongo.

Kulipokucha jibu la Warszawa lilikuwa limekuja: watatafakari zaidi. Radek akaridhika, kwa kuwa alikuwa ameonekana kwenye taarifa ya habari. Zenon alirudi zamuni, na jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kusalimia watu, ni kunyanyua mkono. Lori la bluu likapita. Mykola alikuwa anatazama mbele. Hakupiga honi, hakugeuza shingo. Wakati huo gari la jeshi lilikuwa limeshamchukua Andriy, saa tatu nzima zilizopita, na wote wawili walijua.

Siku hiyo Zenon alivua kizibao akakitundika kwenye nguzo ya hema, akaenda nyumbani. Bożena alikuwa jikoni anakanda unga.

"Kapita," alisema Zenon.

"Kapita kwenda kumwona nani?"

Alikaa mezani. "Nilikuwa nafuata utaratibu, Bożena. Ungenilaumu kama ningefanya upendeleo."

"Utaratibu!" Alitupa donge mezani, unga ukaruka. "Mimi nilimjua mama yako. Alikuwa anawakalia watu foleni, mume wangu. Mjamzito akichoka, mama yako anasimama badala yake, kwa theluji, mpaka arudi. Ungeliambia lile lijitu lenye masharubu: nipe funguo, mimi nakaa kwenye lori lako mpaka kesho, wewe chukua gari langu uende ukamwone mwanao. Nani angekuzuia? Radek? Sheria gani ingekuzuia? Wewe ni dereva, una leseni, una makalio ya kukalia kiti!"

Zenon hakuwa ameliwaza hilo. Wallahi hakuwa ameliwaza. Aliweka paji la uso juu ya meza, kwenye unga, akakaa hivyo, na Bożena hakumgusa.

Kizuizi kiliondolewa baada ya mwaka mpya, kwa karatasi yenye ahadi na sahihi nyingi. Nauli hazikupanda. Zenon aliuza lori moja tena. Mara kadhaa alishika simu ampigie Mykola, na kila mara akajiambia kwamba wiki ijayo atakuwa na maneno mazuri zaidi. Mykola naye hakupiga. Kisha mwishoni mwa Februari, Jumapili, wametoka kanisani, simu ya Bożena ililia, akaisikiliza amesimama, akakaa chini pale pale kwenye ngazi za kanisa. Alikuwa Lesia. Andriy ameuawa.

Walikwenda, wote wawili. Zenon hakutaka, alisema atakuwa uchafu kwenye msiba, na Bożena akamwambia uchafu ni kutokwenda. Walipofika mpakani walinyoosha pasi za kusafiria dirishani, askari akagonga mihuri, nguzo ya kufunga njia ikainuka. Barabara ilikuwa tupu. Zenon alikuwa ameitazama ile nguzo kwa mbali mwezi mzima, na hakuwahi kujua ni nyepesi kiasi hicho.

Mazishi ya kule, watu wa kijiji chote hutoka barabarani jeneza likija, wakapiga magoti. Wazee, wanafunzi, mwenye duka na aproni yake, wote chini kwenye tope la theluji. Zenon alipiga magoti nao. Gari la jeneza lilipita karibu yake, na juu ya boneti walikuwa wamefunga picha ya Andriy. Alikuwa na ndevu kweli.

Makaburini, watu walipoanza kutawanyika kwenda nyumbani kula, Mykola alimjia. Zenon alikuwa amejiandaa kwa tusi, kwa ngumi, alikuwa anazitamani. Mykola alimpa mkono.

"Ahsante kwa kuja. Mmengoja sana mpakani?"

Ndilo swali wanalomuuliza kila mgeni atokaye upande ule, kama vile wengine wanavyouliza habari za safari. Zenon alitafuta namna ya kudanganya, akakosa.

"Hatukungoja."

"Vizuri," alisema Mykola. Alitazama miguu yake. "Sikiliza, Baba Jagoda. Kabla hatujaingia ndani. Usiku ule Andriy alikuwa ananipigia kila mara, baba uko wapi, baba umefika wapi. Nilimwambia wewe umenipitisha mapema, mbele ya watu wote, ila theluji imefunga njia upande wetu, nimekwama. Na Lesia nilimwambia hivyo hivyo."

"Kwa nini?" aliuliza Zenon.

"Kijana alikuwa anakupenda. Alikuwa anarudi kule. Nilitaka arudi akijua hana mtu mbaya nyuma yake." Mykola alivuta pumzi. "Na sasa amekufa akiamini hivyo, basi. Lesia naye aamini. Usije ukajisikia mtakatifu ukaanza kuungama mezani. Mimi nimebeba, na wewe beba."

"Nisamehe, Mykola."

"Sijui," alisema Mykola. "Twende, chakula kinapoa."

Nyumba ilikuwa imejaa. Lesia alikuwa mlangoni, amevaa kitambaa cheusi, amekauka kama kuni. Alipomwona Zenon alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakivuta kifuani kwake mbele ya watu wa nyumbani kwake, akalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Huyu ndiye," aliwaambia. "Huyu ndiye aliyemfungulia mume wangu njia, wakati wenzake wote wamekataa. Walimtukana kwa ajili yetu. Tungekuwa na watu kumi kama huyu! Ingekuwa si ile theluji, Zenon. Ingekuwa si ile theluji iliyolaaniwa, mwanangu angemwona baba yake."

Watu walimngoja mgeni aseme neno. Bożena alikuwa nyuma yake, na hakumsaidia. Mykola alikuwa anamimina kinywaji kwenye vikombe vidogo na hakuinua macho.

"Ilianguka nyingi," alisema Zenon.

Watu wakasogea, wakampisha nafasi kwenye benchi, mahali pa heshima kando ya baba wa marehemu. Lesia alimletea sahani, akamjazia mwenyewe, akasimama juu yake kuhakikisha anakula.